Kibali cha ujenzi pwani ya California: namna ya kutimiza sharti la nyumba za bei nafuu

Anayetaka kubomoa au kujenga makazi karibu na bahari katika jimbo la California, Marekani, kwa kawaida huanza kwa mchoraji ramani. Aanze kwa wakazi. Nani anaishi kwenye jengo hilo leo, nani aliishi humo mwaka uliopita, analipa kodi ya pango kiasi gani, kipato chake ni kipi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua ni nyumba ngapi za bei nafuu zitadaiwa, zitajengwa wapi, na kama mradi utajilipa. Mchoro uliokamilika kabla ya majibu hayo hulazimika kuchorwa upya, na malipo ya mhandisi huwa yameshakwenda.

Mwongozo huu unamfaa mwenye nyumba mdogo, mkandarasi na kikundi kinachotaka kujenga makazi. Unamfaa pia mpangaji aliyeona tangazo la kubomoa limebandikwa getini. Humu, nyumba ni makao ya kaya moja: jengo la fleti sita lina nyumba sita. Hesabu zote za sharti la nyumba za bei nafuu hufuata makao, si majengo, isipokuwa pale tutakaposema vinginevyo.

Kwanza ujue ni ofisi ipi inadai nini

Kibali cha pwani kinadaiwa na Sheria ya Pwani ya California ya 1976. Hapo mwanzo sheria hiyohiyo ilibeba pia jukumu la kulinda makazi ya watu wa kipato cha chini na cha wastani, na Tume ya Pwani ya California iliweka sharti la nyumba za bei nafuu ndani ya kibali chenyewe. Mwaka 1981 Bunge la jimbo liliiondolea Tume mamlaka hayo. Kuanzia Januari 1982 jukumu likawa la miji na kaunti kupitia Sheria ya Mello, ambayo ni kifungu cha 65590 cha Government Code, mkusanyo wa sheria za utawala wa jimbo.

Kwa hiyo usiende Tume kuuliza wanataka asilimia ngapi ya nyumba za bei nafuu. Tume haina asilimia hiyo. Sharti linatoka kwa mji au kaunti, na ni mji au kaunti itakayoandika uamuzi, ingawa uamuzi huo husafiri pamoja na faili la kibali cha pwani. Baadhi ya miji imeandika kanuni kamili za Mello, mingine haijaandika chochote. Kukosa kanuni hakuufuti wajibu. Katika kesi ya Venice Town Council dhidi ya Jiji la Los Angeles ya 1996 (Venice ni mtaa wa ufukweni wa jiji hilo), mahakama ya rufaa ya jimbo ilisema sheria hii inaupa mji wajibu wa lazima, wala si hiari ya afisa wa dirishani. Ukiambiwa na ofisi kwamba "hapa hatuna Mello", omba jibu hilo kwa maandishi, kisha endelea kuandaa faili kana kwamba ipo.

Yaliyomo kwenye kifungu cha 65590 ni kima cha chini. Mji unaruhusiwa kudai zaidi, na mingi inadai zaidi kupitia kanuni zake za nyumba za bei nafuu zinazotumika mji mzima.

Hatua ya 1: Hakikisha kiwanja kimo ndani ya ukanda wa pwani

Msomaji aliyezoea mita 60 kutoka bahari zinazowekwa na sheria ya mazingira ya Tanzania atashangaa. Ukanda wa pwani wa California kwa kawaida huingia nchi kavu yadi 1,000, yaani mita 900 na ushei, kutoka mstari wa maji kujaa. Penye mabwawa ya chumvi, mito au maeneo muhimu ya mandhari unaweza kuingia hadi maili 5. Mijini mara nyingi ni mwembamba zaidi, na mpaka hupita katikati ya mitaa bila alama yoyote barabarani. Usikisie kwa macho. Chukua namba ya kiwanja, nenda idara ya mipango ya mji, uombe uthibitisho wa maandishi wa mambo manne:

- kama kiwanja kimo ndani ya ukanda wa pwani;
- kama kimo ndani ya eneo ambalo uamuzi wa mji unaweza kukatiwa rufaa kwa Tume;
- kama mji una mpango wa pwani ulioidhinishwa na Tume;
- ni nani anayetoa kibali: mji peke yake, Tume peke yake, au wote wawili.

Mpango wa pwani ukishaidhinishwa, mji ndio unaotoa vibali vingi, na Tume inabaki na maeneo ya maji, ufukwe unaofunikwa na maji na ardhi ya amana ya umma. Los Angeles hutoa vibali vya pwani hata pale ambapo mpango kamili haujaidhinishwa, na sehemu nyingine zilizo karibu sana na bahari zinahitaji kibali cha mji na kingine cha Tume. Hapo ndipo watu hupoteza miezi: wanapata kibali kimoja, wanaagiza vifaa, halafu wanagundua bado cha pili.

Kiwanja kikikatwa na mpaka wa ukanda, angalia nyumba zenyewe zitasimama upande gani. Mwaka 2004, katika kesi ya Coalition of Concerned Communities dhidi ya Jiji la Los Angeles, Mahakama Kuu ya California ilishikilia kwamba wajibu wa Mello kwa makazi mapya haugusi nyumba zinazojengwa nje ya ukanda, hata kama sehemu nyingine ya mradi huo, kama vile barabara, imo ndani ya ukanda.

Hatua ya 2: Andaa daftari la wakazi

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko zote.

Kanuni ya msingi ni hii: nyumba inayokaliwa na mtu au familia ya kipato cha chini au cha wastani haiwezi kubomolewa, wala kugeuzwa matumizi, bila kutolewa nyumba mbadala kwa ajili ya watu wa kipato hicho. Kugeuza matumizi ni pamoja na kuifanya fleti ya kupanga kuwa ya kuuzwa mojamoja, au kuifanya duka au ofisi. Nyumba za kuhamishika na viwanja vyake, pamoja na hoteli za watu wanaoishi humo kwa muda mrefu, nazo zinahesabiwa.

Wengi husikia "kipato cha chini" wakadhani wapangaji wao hawamo. Wastani unafika asilimia 120 ya kipato cha katikati cha kaunti, yaani kile ambacho nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini yake, kwa hiyo mwalimu, muuguzi na fundi wa mjini wanaweza kuwa ndani. Sheria haisemi mpangaji tu. Mwenye nyumba anayeishi mwenyewe akiwa na kipato hicho naye ni mkazi. Na nyumba moja ikikaliwa na watu au familia zaidi ya moja, inatosha mmoja wao, asiye mtegemezi, awe wa kipato hicho ili nyumba nzima iingie kwenye hesabu. Vijana wanne wanaoshirikiana kodi katika fleti moja hawahesabiwi kwa kujumlisha mishahara yao ili kuitoa fleti kwenye sheria.

Kwa kila nyumba, weka kwenye faili mkataba wa kupanga, risiti za kodi za kila mwezi, majina ya watu wazima wote wanaoishi humo, tarehe ya kuingia na kutoka, na uthibitisho wa kipato pale mkazi alipokubali kuutoa. Weka nakala ya kila notisi ya kuhama iliyowahi kutolewa, na sababu yake. Nyumba ikiwa tupu, andika imekuwa tupu tangu lini na kwa nini, uambatishe bili za maji na umeme za miezi hiyo. Mkazi akikataa kuonyesha kipato, usimlazimishe. Andika kwamba aliombwa na tarehe aliyoombwa, na uweke kiasi cha kodi anacholipa.

Sasa jambo linaloangusha miradi mingi. Mkazi aliyefukuzwa ndani ya mwaka 1 kabla ya maombi kuwasilishwa, kwa nia ya kukwepa sheria hii, anahesabiwa kana kwamba bado yumo. Wakiwa wengi waliofukuzwa kutoka jengo moja ndani ya mwaka huo, sheria inachukulia kwamba nia ilikuwa kukwepa, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unakuwa wa mwombaji. Kuwahamisha watu kwanza ili jengo "liwe safi" hakupunguzi wajibu. Kunaongeza kesi, tena kunawatupa watu nje bila sababu.

Usitegemee pia hoja ya uchakavu. Jengo lililotangazwa rasmi kuwa kero kwa umma linasamehewa nyumba mbadala za Mello. Ila jengo lililofuata viwango vya wakati lilipojengwa, na ambalo halina kasoro za kuhatarisha watu, haliwi kero kwa sababu tu halifikii kanuni za ujenzi za leo.

Hatua ya 3: Omba uamuzi wa Mello kabla ya kuchora

Peleka daftari la wakazi kwa idara ya nyumba au ya mipango na uombe uamuzi wa maandishi: nyumba ngapi zinahitaji mbadala, za kiwango gani cha kipato. Los Angeles, uchunguzi wa wakazi hufanywa na idara ya nyumba, ilhali kibali kinatoka idara ya mipango. Mahali pengine dirisha ni moja. Andaa bahasha za kutosha, maana ofisi itawaandikia wakazi wenyewe, na majibu yao yakipingana na yako faili husimama.

Misamaha ipo, lakini isome yote hadi mwisho wa sentensi. Jengo lenye nyumba chini ya 3 halidaiwi mbadala moja kwa moja. Vivyo hivyo mradi wa majengo kadhaa yenye jumla ya nyumba 10 au chini. Vivyo hivyo nyumba zinazopisha matumizi yanayotegemea bahari au huduma za wageni wa pwani, na miji ambayo ardhi tupu ya binafsi inayofaa makazi ndani ya ukanda na maili 3 kutoka hapo kuingia nchi kavu haifiki ekari 50 kwa jumla. Kisha sheria inaongeza: isipokuwa mji ukiona kuwa kutoa mbadala wote au sehemu kunatekelezeka. Kwa hiyo jengo la nyumba mbili limepewa mlango tu. Mji bado unapaswa kuuliza kama mbadala unatekelezeka. Andaa jibu la swali hilo kwa hesabu, hata kama unaamini umesamehewa.

"Kutekelezeka" kuna tafsiri yake kisheria: kuweza kukamilika kwa mafanikio ndani ya muda unaofaa, kwa kutazama mambo ya kiuchumi, kimazingira, kijamii na kiufundi. Kusema "faida itapungua" hakutoshi. Ofisi makini itataka bei ya ardhi, gharama ya ujenzi kwa futi ya mraba, mapato ya kodi ukiweka nyumba za bei nafuu na usipoziweka, riba ya mkopo, na faida inayobaki katika kila hali.

Jengo lenye nyumba 3 au zaidi likiwa halina msamaha mwingine, swali la kutekelezeka haliondoi wajibu. Linahusu mahali tu. Mbadala unajengwa kwenye kiwanja hichohicho au kwingine ndani ya ukanda wa pwani. Ikiwa hayo hayatekelezeki, ndani ya maili 3 kutoka ukanda, na daima katika mji au kaunti ileile. Nyumba hizo ziwe tayari kukaliwa ndani ya miaka 3 tangu kazi ya kubomoa au kugeuza ilipoanza. Kalenda inaanza siku ya kubomoa. Ukibomoa mapema "kusafisha kiwanja" huku mkopo haujapatikana, unakula miaka yako mwenyewe.

Kulipa ada badala ya kujenga kunaruhusiwa pale tu mji ulipokwisha kuweka utaratibu huo, na fedha hizo kwa jumla zilete idadi ileile ya nyumba, kwa masharti yaleyale ya maili 3 na miaka 3. Huwezi kujipangia ada.

Na kama unataka kuondoa makazi ili kuweka biashara isiyotegemea bahari, mji lazima kwanza uamue kwamba makazi hayatekelezeki tena mahali hapo. Uamuzi huo ni mgumu kuupata, na inafaa uwe mgumu.

Hatua ya 4: Makazi mapya yana wajibu wao

Hata kiwanja kikiwa kitupu, makazi mapya ndani ya ukanda yanapaswa kuwa na nyumba za kipato cha chini au cha wastani pale inapotekelezeka. Isipotekelezeka ndani ya mradi, mji unamtaka mwendelezaji azitoe kwingine, ndani ya ukanda au ndani ya maili 3, kama hilo linatekelezeka. Mji nao una deni: lazima utoe motisha, kama nyongeza ya msongamano, yaani ruhusa ya kujenga nyumba zaidi ya zinazoruhusiwa kwenye kiwanja.

Sheria ya jimbo haikutaja asilimia. Mji ndio unaoiweka. Taratibu za muda za Los Angeles za mwaka 2000, kwa mfano, zilidai miradi ya nyumba 10 au zaidi itenge asilimia 20 kwa kipato cha chini au asilimia 10 kwa kipato cha chini sana. Kwa mradi wa nyumba 30 hizo ni 6 au 3. Taratibu za miji hubadilika, kwa hiyo chukua toleo linalotumika siku unapowasilisha maombi na ulichapishe likae kwenye faili.

Hatua ya 5: Panga tabaka za sheria nyingine juu ya Mello

Hapa hata wataalamu huteleza, kwa sababu humaliza Mello wakadhani wamemaliza.

Sheria ya 2019 ya dharura ya makazi, iliyopanuliwa baadaye, hutazama nyuma miaka 5, si mmoja. Miji inayoguswa na sheria hiyo hairuhusiwi kuidhinisha mradi wa makazi utakaoacha nyumba chache kuliko zilizokuwepo katika miaka hiyo mitano. Nyumba "zilizolindwa" lazima zirudishwe. Hizo ni nyumba zenye hati ya kodi nafuu, zilizo chini ya udhibiti wa kodi wa mji, zilizokaliwa na watu wa kipato cha chini, au zilizoondolewa kwenye soko la kupangisha kwa Sheria ya Ellis, inayomruhusu mwenye nyumba kuacha kupangisha, ndani ya miaka 10. Los Angeles, udhibiti wa kodi unagusa kwa jumla majengo ya kupangisha yaliyokamilika kabla ya Oktoba 1978, yaani sehemu kubwa ya fleti za zamani za Venice. Kipato cha mkazi kisipojulikana, sheria inakisia kutoka takwimu za shirikisho za mji mzima: uwiano wa wapangaji wa kipato cha chini mjini ndio unaotumika kwenye jengo lako, hadi uthibitishe vinginevyo.

Chukua jengo la fleti 6 la miaka ya 1960 huko Venice. Fleti 4 zinakaliwa na familia za kipato cha chini au wastani. Ya 5 ilihamwa miezi 8 iliyopita kwa notisi isiyo na sababu inayoeleweka. Ya 6 imekuwa tupu miaka miwili. Kwa Mello pekee jiandae kwa mbadala 5: nne za waliomo na moja ya aliyefukuzwa, iwapo alikuwa wa kipato hicho na ikaonekana nia ilikuwa kukwepa. Fleti ya 6 inaonekana imeponyoka. Haikuponyoka. Iko chini ya udhibiti wa kodi, kwa hiyo inarudi kupitia sheria ya 2019, na jengo jipya haliwezi kuwa na nyumba chini ya 6. Aliyepanga kujenga nyumba moja kubwa ya kifahari hapo amekwama kabla hata Tume haijaona faili.

Sheria hiyohiyo inawapa wakazi wa nyumba zilizolindwa haki ya kubaki hadi miezi 6 kabla ya ujenzi kuanza. Wale wa kipato cha chini wanapata pia msaada wa kuhama na, kwa miradi mingi, nafasi ya kwanza ya kurudi kwenye nyumba ya kulingana nao kwa kodi wanayoimudu. Iweke miezi hiyo kwenye ratiba ya mkopo.

Nyongeza ya msongamano, kifungu cha 65915 cha Government Code, ndiyo inayoufanya mradi ulipe. Ukitenga asilimia 5 ya nyumba kwa kipato cha chini sana, au 10 kwa kipato cha chini, unaongezewa asilimia 20 ya nyumba juu ya zinazoruhusiwa. Ukifika asilimia 15 ya kipato cha chini sana, au 24 ya kipato cha chini, nyongeza ni 50. Asilimia hupigwa kwenye idadi ya msingi, si kwenye jumla baada ya nyongeza, na sehemu ya nyumba hupandishwa kuwa nyumba nzima. Kiwanja kinaruhusu 20: asilimia 15 ni 3, nyongeza ni 10, jumla 30. Ndani ya 30, tatu tu ndizo za kipato cha chini sana. Nyumba mbadala zikikidhi kiwango cha kipato zinaweza kuhesabiwa humo, lakini pata hilo kwa maandishi kutoka mji, maana Mello inakubali kipato cha wastani na nyongeza ya msongamano kwa nyumba za kupangisha inataka cha chini. Aliyeandika mbadala zote kwa kiwango cha wastani hukuta hazimsaidii kitu.

Kumbuka ukanda wa pwani una neno lake. Katika kesi ya Kalnel Gardens ya 2016 mahakama ya rufaa ilisema nyongeza ya msongamano iko chini ya Sheria ya Pwani, na mradi wa Venice ukakataliwa kwa urefu, msongamano na nafasi ya mbele ya jengo. Mwaka 2018 Bunge likarekebisha: nyongeza, nafuu na misamaha vitolewe kwa namna inayopatana na sheria zote mbili. Kwa vitendo, kila msamaha wa urefu au maegesho unaouomba uandikie ukurasa wake unaoonyesha kwamba hauzibi mandhari ya umma, njia ya kufika ufukweni wala maegesho ya wageni wa bahari.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya kodi mapema

Idara ya makazi ya jimbo hutoa viwango vya kipato kila mwaka kwa kila kaunti. Kosa la kawaida ni kuchukua kiwango cha kipato cha mpangaji na kukitumia kama msingi wa kodi. Ni vitu viwili. Mpangaji wa kipato cha chini anaweza kupata hadi asilimia 80 ya kipato cha katikati, lakini kwa kanuni ya jimbo kodi yake hupigwa kwa asilimia 30 ya 60.

Tuseme, kwa hesabu rahisi, kipato cha katikati cha kaya ya watu 4 ni dola 100,000. Fleti ya vyumba viwili vya kulala huhesabiwa kwa kaya ya watu 3, yaani idadi ya vyumba jumlisha 1, na kaya ya watu 3 ni asilimia 90 ya ya watu 4: dola 90,000.

- Kipato cha chini sana: asilimia 50 ni 45,000, asilimia 30 yake ni 13,500 kwa mwaka, au 1,125 kwa mwezi.
- Kipato cha chini: asilimia 60 ni 54,000, kodi ni 1,350 kwa mwezi.
- Kipato cha wastani: asilimia 110 ni 99,000, kodi ni 2,475 kwa mwezi.

Kisha toa makisio ya bili za maji, umeme na gesi anazolipa mpangaji mwenyewe. Makisio yakiwa dola 125, kodi ya juu ya nyumba ya kwanza ni 1,000, si 1,125. Kwenye nyumba chache tofauti hiyo inaonekana ndogo; benki inaiona kwa miaka 55, ambao ndio muda wa hati ya nyumba za kupangisha chini ya nyongeza ya msongamano.

Hatua ya 7: Wasilisha, na uandike faili kwa macho ya Tume

Faili la kibali cha pwani liwe na michoro, ripoti ya udongo na mawimbi penye hatari ya mmomonyoko, uamuzi wa Mello, mpango wa nyumba mbadala unaotaja kila nyumba kwa namba, ukubwa na kiwango cha kipato, na orodha ya majirani kwa ajili ya notisi. Kanuni za Tume hutaka notisi iwafikie wenye mali na wakazi walio ndani ya futi 100, pamoja na tangazo kubandikwa kwenye kiwanja. Tangazo likianguka na lisirudishwe, kikao kinaweza kuahirishwa. Lipige picha yenye tarehe kila wiki.

Ingawa Tume haitozi asilimia, tangu 2003 Sheria ya Pwani inaitaka ihimize makazi ya kipato cha chini na wastani. Kifungu cha 30604 cha Public Resources Code, mkusanyo wa sheria za maliasili wenye Sheria ya Pwani, kinaizuia Tume, na mji pia, kudai hatua za kupunguza idadi ya nyumba katika mradi wa makazi ya kipato hicho, iwapo idadi imo ndani ya matumizi ya ardhi ya mji pamoja na nyongeza ya msongamano. Isipokuwa waonyeshe kwa ushahidi kwamba idadi hiyo haiwezi kukaa kwenye kiwanja bila kuvunja sera za pwani. Kinukuu kifungu hiki katika barua yako ya kwanza. Kukitaja baada ya jengo kukatwa ghorofa ni kuchelewa.

Miradi michache ina njia ya mkato. Tangu 1 Januari 2025, uidhinishaji wa haraka wa jimbo unafika sehemu za ukanda wa pwani, ila si penye hatari ya bahari kupanda futi 5, si ndani ya futi 100 za ardhioevu, si kwenye ardhi bora ya kilimo, wala pasipo na mpango wa pwani ulioidhinishwa. Kibali cha pwani bado kinahitajika hata hapo.

Hatua ya 8: Rufaa

Mji ukishaamua, hutuma notisi ya uamuzi kwa Tume. Katika maeneo ya rufaa, mwenye malalamiko ana siku 10 za kazi tangu Tume ipokee notisi hiyo. Kwa vibali vinavyotolewa na miji isiyo na mpango ulioidhinishwa, kama Los Angeles, ni 20. Maeneo ya rufaa ni pamoja na ardhi kati ya bahari na barabara ya kwanza ya umma, futi 300 kutoka ufukwe au ukingo wa jabali, na futi 100 kutoka kijito au ardhioevu. Usianze kazi kabla muda haujaisha na Tume haijathibitisha kwamba hakuna rufaa.

Mpangaji ajue mpaka wa rufaa hiyo. Tume hupima mradi dhidi ya sera za pwani na njia ya umma kufika baharini. Lalamiko kwamba mji ulikosea hesabu ya Mello lipelekwe kwa mji wenyewe kwa maandishi kabla ya kikao na wakati wa kikao, kisha mahakamani. Lisilowekwa kwenye kumbukumbu za mji ni vigumu kulifufua mbele ya jaji, na muda wa kufungua kesi ni mfupi. Peleka barua yenye jina la kila mkazi aliyekubali kutajwa, kodi anayolipa, tangu lini yumo, na notisi alizopewa. Barua moja ya namna hiyo ina uzito kuliko sahihi mia za kupinga mradi. Wakili wa msaada wa kisheria aonwe wiki ileile uamuzi unapotoka.

Hatua ya 9: Hati, kisha nyundo

Kabla ya kibali cha ujenzi kutoka, mji utataka hati ya masharti isajiliwe kwenye ardhi: namba za nyumba za bei nafuu, kiwango cha kipato, namna ya kupiga kodi, muda, na haki ya mji kukagua. Hati hiyo hubaki hata kiwanja kikiuzwa. Hakikisha imesajiliwa mbele ya dhamana ya benki, la sivyo benki ikinadi mali nyumba hizo zinaweza kupotea. Benki hulipinga hili, kwa hiyo mazungumzo yaanze miezi kadhaa kabla ya kufunga mkopo. Soma pia kama hati inataka nyumba za bei nafuu zitawanywe kwenye jengo zima na ziwe na malighafi sawa na nyingine. Kuzirundika zote upande wa jalala ni kosa ambalo wakaguzi huliona kwenye mchoro wa kwanza.

Kibali cha pwani kwa kawaida huisha baada ya miaka 2 kazi isipoanza. Omba nyongeza ya muda kabla ya tarehe hiyo.

Baada ya watu kuingia, kila mwaka hakiki kipato cha kaya, pakua viwango vipya, rekebisha kodi, na utume ripoti kwa mji. Mji nao una hesabu ya kutoa: mpango wake wa makazi lazima uoneshe, tangu 1982, nyumba ngapi mpya zimeidhinishwa ndani ya ukanda wa pwani, ngapi za kipato cha chini na wastani zilidaiwa, ngapi zilibomolewa au kugeuzwa, na ngapi zililetwa kama mbadala. Hati hiyo ni ya umma. Iombe, tafuta jedwali la pwani, na ulinganishe na majengo unayoyajua mtaani.